Magnamu ya Masafa Marefu: Kuchagua Bunduki ya Shabaha na ya Kuwindia Kanda ya Ziwa

Kila msimu wa uwindaji unapokaribia, mjadala wa kaliba (aina ya risasi, ambayo namba yake kama .308 hutaja takriban kipenyo chake kwa sehemu za inchi) hurudi miongoni mwa wamiliki wa bunduki wa Mwanza na mikoa jirani, na mara nyingi huanzia mwisho: magnamu ipi ni kali kuliko zote? Swali hilo halina jibu lenye manufaa, kwa sababu linapima nguvu peke yake na kuacha kando mambo yanayoamua kama risasi itafika ilikokusudiwa, yaani upepo, bega la mpigaji na umbali halisi atakaofyatulia. Mtu anayetaka bunduki moja ya kupigia shabaha kwa mita 800 na kuwindia pofu au nyati anaomba vitu viwili vinavyovutana. Makala haya yanaeleza vinavutana wapi, na ni kwa kiasi gani vinaweza kupatanishwa katika bunduki moja.

Tuanze na ganda la risasi, maana humo ndimo tofauti yote ilimo. Magnamu ni risasi ambayo ganda lake linabeba baruti nyingi kuliko risasi za kawaida zenye kichwa (kile kipande kinachoruka) cha kipenyo hicho hicho. Hakuna mamlaka inayopima na kutoa cheo hicho. Mtengenezaji ndiye anayeamua kukiandika kwenye boksi. Chukua .308 Winchester, iliyotoka mwaka 1952, na .300 Winchester Magnum, iliyotoka mwaka 1963. Zote mbili hutumia vichwa vya kipenyo cha milimita 7.82, na mtu akikuwekea mezani vichwa viwili vya gramu 11.7, ambavyo kwenye boksi huandikwa greni 180, huwezi kujua kipi kimekusudiwa bunduki ipi. Tofauti ni kwamba ya kwanza inasukumwa na gramu 3 za baruti au pungufu kidogo, na ya pili inasukumwa na gramu 4.6 au zaidi. Kwa uzito huo wa kichwa, .308 hutoka mdomoni mwa mtutu kwa kasi ya takriban mita 800 kwa sekunde na .300 kwa takriban mita 900. Baruti imeongezeka kwa zaidi ya nusu, lakini kasi imepanda kwa asilimia 13 hivi. Sehemu kubwa ya ziada hiyo imegeuka kuwa joto ndani ya mtutu, kelele masikioni na teke begani, na anayenunua magnamu anapaswa kujua tangu mwanzo kwamba hayo ndiyo malipo ya ile asilimia 13.

Magnamu nyingi za zamani zina mkanda wa shaba uliozunguka kitako cha ganda, na wapo wanaouchukulia mkanda huo kuwa alama ya nguvu. Sivyo. Mwaka 1912 kampuni ya Holland & Holland ya London ilitoa .375 H&H Magnum, yenye ganda refu lililochongoka taratibu ili liingie na kutoka kwenye chemba (nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi) kwa urahisi hata katika joto kali. Kwa kuwa ganda la namna hiyo lina bega (pale linapoanza kupungua kuelekea shingo) lenye mteremko mdogo, lilihitaji kitu cha kulisimamisha mahali pake ndani ya chemba, na kazi hiyo ilipewa mkanda. Watengenezaji wa Marekani walirithi mkanda huo kwenye .458 Winchester Magnum ya 1956, .338 ya 1958, 7mm Remington Magnum ya 1962 na .300 ya 1963, ingawa nyingi kati ya hizo zina bega kali linaloweza kufanya kazi hiyo bila msaada. Risasi mpya za masafa marefu, kama .300 PRC na .338 Lapua Magnum, hazina mkanda kabisa na hazijapungukiwa chochote.

Sifa ya magnamu katika shabaha ilipata msukumo mkubwa mwaka 1935, Ben Comfort aliposhinda Kombe la Wimbledon huko Camp Perry, Ohio, kwa bunduki ya .300 H&H, akipiga shabaha iliyokuwa umbali wa yadi 1,000, yaani mita 914. Tangu hapo wengi wameamini kwamba umbali na magnamu haviachani. Ukitazama mashindano ya siku hizi, picha ni tofauti. Katika F-Class, mchezo ulioasisiwa na Mkanada George Farquharson, ambapo mpigaji hulala chini, bunduki ikiwa juu ya egemeo na darubini juu yake, daraja la wazi linaruhusu kaliba nyingi na bunduki ya hadi kilo 10, lakini washindani wengi huchagua vichwa vya milimita 7 katika maganda ya wastani. Wanajua kwamba baada ya mita 500 kinachoamua si wingi wa baruti bali ni umbo la kichwa cha risasi, na namna bega linavyostahimili risasi ya sitini ya siku.

Hapa inafaa kutazama hesabu kidogo. Chukua bunduki mbili zilizorekebishwa zipige sawasawa kwa mita 200, moja ya .308 yenye kichwa cha gramu 10.9 na nyingine ya .300 Winchester Magnum yenye kichwa cha gramu 11.7. Kwa mita 300, risasi ya kwanza itakuwa imeshuka takriban sentimita 29 na ya pili takriban sentimita 21. Tofauti ni sentimita 8. Kwa mita 500 ya kwanza imeshuka karibu mita 1.75 na ya pili karibu mita 1.25. Namba hizi zinamfurahisha muuza bunduki, lakini kushuka ndilo tatizo rahisi kuliko yote katika masafa marefu, kwa sababu mvuto wa dunia haubadiliki kati ya asubuhi na jioni. Ukijua umbali, na siku hizi kifaa cha leza kinakupa umbali kwa kubonyeza kitufe, unazungusha kirekebishi cha darubini kwa kiasi kilichopimwa na kazi imekwisha. Mita 1.75 inayojulikana ni bora kuliko mita 1.25 ya kubahatisha.

Upepo ndio mwalimu mkali. Upepo wa mita 4 kwa sekunde unaokata njia ya risasi kutoka kushoto kwenda kulia utaisogeza ile .308 karibu sentimita 60 kwa umbali wa mita 500, na ile .300 karibu sentimita 42. Magnamu imekupunguzia theluthi moja ya kosa, na hilo si jambo dogo. Lakini mpigaji aliyedhani upepo ni wa mita 4 kumbe ni wa mita 2 atakosea kwa sentimita 20 hivi hata akiwa na magnamu, na hakuna ganda la baruti litakalomrekebishia makadirio yake. Ndiyo maana kwa mtu mwenye fedha ya bunduki ya gharama kubwa ninashauri, kwanza, atenge sehemu ya fedha hiyo kwa ajili ya risasi za mazoezi. Vichwa vyembamba na virefu, ambavyo watengenezaji huvipa namba kubwa ya uwezo wa kukata hewa, husaidia dhidi ya upepo kuliko kasi ya kuanzia, na ndiyo sababu 6.5 Creedmoor ya mwaka 2007, ambayo si magnamu na ina teke la upole, huenda bega kwa bega na .300 Winchester Magnum yenye vichwa vya kawaida inapofika karibu na mita 1,000.

Mpigaji wa Mwanza ana mambo mawili ambayo majedwali yaliyochapishwa kwenye boksi hayakumfikiria. La kwanza ni mwinuko. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na majedwali mengi yamekokotolewa kwa hewa ya usawa wa bahari yenye nyuzi joto 15. Mchana wa kawaida wa nyuzi 25 kando ya ziwa, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko hiyo, hivyo risasi hupungukiwa kasi polepole zaidi, hushuka kidogo kuliko jedwali linavyosema na husukumwa na upepo kidogo kuliko inavyotarajiwa. Kwa mita 300 tofauti hiyo haionekani. Kwa mita 800 inatosha kuipeleka risasi juu ya shabaha, na anayetumia programu ya kukokotoa kwenye simu lazima aingize shinikizo halisi la hewa la mahali alipo, si lile lililorekebishwa kwa usawa wa bahari ambalo hutangazwa kwenye taarifa za hali ya hewa. (Unyevu wa ziwani, ambao wengi huulaumu, hauna neno: hewa yenye mvuke ni nyepesi kidogo kuliko hewa kavu, na athari yake ni ndogo mno.)

La pili ni upepo wa ziwa wenyewe. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, kwa hiyo kadiri jua linavyopanda hewa hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na usiku mwelekeo hugeuka. Kati ya vipindi hivyo kuna saa ya utulivu asubuhi, na mtu anayejaribu bunduki wakati huo hupata matokeo mazuri yanayomdanganya. Arudi saa tisa alasiri kwenye ukingo wa Ghuba ya Speke, atazame umbali wa mita 600 ulio mbele yake: moshi wa jiko la mkaa karibu naye unalala kuelekea bara, majani makavu katikati ya uwanja hayatikisiki kwa sababu jabali kubwa limeyakinga, na mafunjo karibu na shabaha yanainama pembeni kwa sababu upepo umezunguka jabali hilo hilo na kutokea upande wa pili. Hapo kuna pepo tatu ndani ya njia moja ya risasi. Ule ulio karibu na mpigaji una uzito mkubwa kuliko anavyodhani, kwa kuwa pembe ndogo inayoanzia mwanzoni mwa safari huendelea kupanuka hadi mwisho.

Hadi hapa tumezungumzia bamba la chuma au karatasi, ambavyo havitembei. Mnyama ni jambo jingine. Risasi ya .300 Winchester Magnum huchukua zaidi kidogo ya nusu sekunde kufika mita 500, tuseme sekunde 0.66, na kongoni aliyeamua kupiga hatua wakati kidole kinakamilisha kazi yake atakuwa amesogea karibu mita nzima kabla risasi haijamfikia. Risasi iliyolengwa kifuani itaingia tumboni. Eneo la moyo na mapafu la swala pala halizidi sana upana wa sahani ya kulia chai, na mpigaji mwenye kupiga karatasi ya sentimita 20 kwa mita 500 akiwa amelala juu ya mkeka, moyo ukiwa umetulia, si yule aliyetembea saa nzima porini na sasa anaegemeza bunduki kwenye mti wa mgunga huku anahema. Maoni yangu ni kwamba umbali wa kuwindia usizidi nusu ya ule ambao mtu anaumudu kwenye shabaha, na kwa wengi wetu hiyo ina maana ya mita 250 au pungufu. Katika vichaka na mbuga za upande wa Maswa na Grumeti mwindaji mwenye subira husogea karibu zaidi ya hapo, na kwa nyati hakuna anayepaswa kufikiria umbali unaozidi mita 100.

Umbali huo mfupi unaleta tatizo ambalo wapenzi wa kasi hulisahau. Vichwa vya mashindano vina ganda jembamba la shaba na vimeundwa kuruka vizuri, si kupenya mfupa. Kikitoka kwenye magnamu na kumgonga mnyama kwa mita 60 kikiwa bado na kasi ya zaidi ya mita 850 kwa sekunde, kichwa cha namna hiyo kinaweza kupasuka kwenye bega na kuacha jeraha kubwa la juu juu lisiloua upesi. Kwa hiyo bunduki moja ya kazi mbili inahitaji aina mbili za risasi, kila moja ikiwa na marekebisho yake ya darubini yaliyoandikwa: ya mashindano kwa ajili ya karatasi, na ya kuwindia ambayo kichwa chake ni shaba tupu au kina kiini cha madini ya risasi kilichogandishwa na ganda lake la shaba. Kwa nyati hutumika vichwa vizito vya ganda nene, na wengine hufuatishia risasi ngumu zisizotanuka.

Sheria nayo ina neno katika uchaguzi wa kaliba. Silaha za raia nchini Tanzania zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ambayo inataka leseni kwa kila silaha, na uwindaji unasimamiwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, chini ya usimamizi wa TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) katika mapori ya akiba na maeneo mengine ya wanyamapori yaliyo nje ya hifadhi za taifa na Ngorongoro. Katika hifadhi za taifa kama Serengeti, Saanane, Rubondo na Burigi-Chato hakuna kuwinda hata kwa leseni. Kwa wanyama hatari kama nyati, simba na tembo, kaliba ya chini inayokubalika ni .375, kwa hiyo mmiliki wa .300 Winchester Magnum, hata kama ndiye mpigaji bora wa Mwanza nzima, hana bunduki ya nyati. Hilo peke yake linatosha kuvunja ndoto ya bunduki moja kwa baadhi ya wasomaji, na ni afadhali ivunjike kabla ya kulipia.

Sasa kaliba zenyewe. 7mm Remington Magnum ndiyo magnamu ya upole kuliko zile ninazozitaja hapa, ina vichwa virefu vya kipenyo cha milimita 7.21 vinavyokata upepo vizuri, na kwa swala, nyamera, kongoni na hata pundamilia inatosha. Udhaifu wake ni kwamba mitutu mingi ya zamani ina msokoto (mifereji ya ndani inayozungusha kichwa) wa taratibu ambao hautulizi vichwa virefu zaidi vya kisasa. Toleo jipya la wazo hilo, 7mm PRC ya mwaka 2022, limerekebisha kasoro hiyo, ila risasi zake ni adimu katika sehemu nyingi za dunia, sembuse huku kwetu.

.300 Winchester Magnum ina kasoro inayojulikana: shingo ya ganda lake ni fupi, milimita 6.7 tu, pungufu ya kipenyo cha kichwa chake, na urefu wa risasi nzima umewekewa kikomo cha milimita 84.8, hivyo kichwa kirefu cha masafa marefu hulazimika kuzama ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. .300 PRC ilibuniwa kuondoa tatizo hilo kwa kuruhusu risasi ya milimita 94. Kwenye karatasi PRC ni bora. Hata hivyo, .300 Winchester Magnum imekuwapo kwa zaidi ya miaka 60, imetengenezewa risasi za kila uzito, na ndiyo yenye nafasi kubwa ya kupatikana dukani au kuagizwa bila kusubiri mwaka. Kwa mtu asiyewinda nyati na anayetaka bunduki moja ya shabaha hadi mita 800 na ya wanyama wote wa mbuga hadi pofu, mimi ningechagua hiyo, nikiwa na mtutu wa sentimita 61 hadi 66 na msokoto mmoja kwa kila sentimita 25.

.338 Lapua Magnum huzungumzwa sana na wasioimiliki. Ni risasi ya kupita mita 1,200, iliyozaliwa kwa mahitaji ya kijeshi, inasukuma kichwa cha gramu 16 kwa takriban mita 900 kwa sekunde, na bunduki zake za masafa marefu zina uzito wa kilo 6 au zaidi kabla ya darubini. Kuibeba porini ni adhabu, bei ya risasi moja ni adhabu nyingine, na bado haifiki kaliba ya nyati.

.375 H&H inabaki mahali pake baada ya zaidi ya karne moja. Inatoa kichwa cha gramu 19.4 kwa takriban mita 770 kwa sekunde, ikiwa na nishati ya jouli 5,700 hivi, na njia yake hewani hadi mita 250 si mbali na ile ya .308. Anayewinda nyati na kupiga shabaha hadi mita 300 kwa kujifurahisha anaweza kuishi na bunduki hiyo moja. Akitaka mita 800, anunue ya pili.

Teke ndilo jambo linaloamua ukweli wa yote haya, na wanaume hawapendi kulizungumza. Bunduki ya .308 yenye kilo 4 hurudi nyuma kwa nishati ya takriban jouli 24, ya .300 Winchester Magnum yenye uzito huo kwa takriban 35, na ya .375 kwa 50 hivi. Mwili hujifunza kuogopa haraka kuliko akili inavyokiri. Kuna jaribio rahisi: mpigaji ageukie pembeni, msaidizi aingize risasi bandia kwenye chemba badala ya ya kweli bila yeye kujua, kisha alenge na kufyatua kama kawaida. Pini inagonga, mlio hautoki, na kila aliyesimama nyuma anaona mdomo wa mtutu ukizama chini kwa sentimita kadhaa huku macho ya mpigaji yakifumba na bega likisukuma mbele. Mtu huyo hakosi shabaha kwa sababu ya kaliba ndogo. Akipewa bunduki kubwa zaidi, mtutu utazama zaidi.

Dawa zipo. Uzito ni ya kwanza, na kwa bunduki ya kazi mbili kilo 4.5 pamoja na darubini ni mapatano mazuri. Mpira mzito kwenye kitako, unaolingana na urefu wa mkono wa mpigaji, ni ya pili. Kipunguza teke kinachofungwa mdomoni mwa mtutu hufanya kazi kweli, lakini kinatupa mlipuko pembeni na nyuma, moja kwa moja kwenye masikio ya askari wa wanyamapori au mwongozaji aliyesimama hatua mbili kando. Kwenye uwanja wa shabaha wote wamevaa vizuia sauti. Porini sivyo, na mwindaji muungwana hukifungua kabla ya kuondoka kambini, kisha anahakiki shabaha upya kwa sababu bunduki nyingi hubadilisha mahali pa kupiga kikiondolewa.

Darubini isinunuliwe kwa fedha iliyobaki. Irekebishike kwa vipimo vinavyorudi mahali pake kila mara, vifungo vyake viwe imara, na macho yaweze kukaa sentimita 9 au zaidi nyuma ya kioo. Kipimo hicho cha mwisho hupuuzwa dukani na kukumbukwa pale ukingo wa darubini unapochora mwezi mwandamo wa damu juu ya nyusi. Mtutu nao una umri. Joto la baruti nyingi hula mwanzo wa misokoto, na mtutu wa .300 Winchester Magnum huanza kupoteza ulengaji wake bora baada ya risasi 1,500 hadi 2,500 hivi, wakati wa .308 mara nyingi hupita 5,000. Kupiga mfululizo mpaka mtutu usishikike huufupisha zaidi umri huo. Kwa mwindaji, hata hivyo, kundi la risasi tano haliambii mengi. Linalomhusu ni pale risasi ya kwanza ya mtutu baridi inapoangukia, na hilo hupimwa kwa kupiga moja kila siku kwa siku kadhaa kwenye karatasi ile ile.

Kuhusu mahali pa kujaribia, Mwanza ni mji wa majabali na maji, na vyote viwili havifai kuwa nyuma ya shabaha. Risasi inayogonga jabali hurudi au huchepuka bila kutabirika, na inayogonga uso wa maji kwa pembe ndogo huruka tena na kuendelea. Kichwa cha magnamu kilichopaa kinaweza kwenda kilomita 4 au zaidi, umbali unaotosha kufikia mitumbwi ya wavuvi wa dagaa ambayo mpigaji hata haioni. Kinachotakiwa ni ukuta mnene wa udongo usio na mawe, katika uwanja ulioidhinishwa. Mwenye uwanja wa mita 300 tu wenye kinga kamili ajizoeze hapo, na masafa ya mbele ayatafute kwa safari maalumu.

Kutu haihitaji maelezo marefu: kando ya ziwa chuma cha kawaida kinataka kitambaa chenye mafuta kila jioni, na mtutu wa chuma kisichoshika kutu unastahili bei yake. Risasi zisiachwe ndani ya gari juani, kwa sababu baruti iliyopata joto huongeza shinikizo na kasi, na magnamu tayari inafanya kazi karibu na kikomo cha chemba yake.

Kabla ya kuanza mlolongo wa maombi ya leseni, mnunuzi afanye kwanza ziara kwenye maduka yenye kibali na kuuliza risasi, si bunduki: zipo za kaliba gani, za uzito gani, zinaingia kila baada ya muda gani, na kama anaweza kupata boksi kadhaa zenye namba moja ya uzalishaji. Risasi za jina moja na uzito mmoja zilizotoka mafungu tofauti kiwandani zinaweza kupishana kwa kasi kiasi cha kuonekana wazi kwa mita 600. Akikuta .300 Winchester Magnum yenye vichwa vya kuwindia na vya shabaha, kila aina ya fungu moja, atakuwa amepata jibu ambalo majedwali yasingempa; akikuta .308 peke yake, basi achague .308, apige nyingi, na ile magnamu aiache kwa wenye risasi.